Lupu ya For inaprinti mstari mmoja tu halafu inaisha, na i inasoma 7. Hiyo 7 imetoka wapi?

msomi_wa_usiku

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hapa nimekwama siku ya pili sasa na nikiendelea hivi nitaanza kugombana na kibodi. Najifunza Small Basic, lugha ya programu ya wanaoanza, nina wiki tatu tu, mambo ya If nimeyaelewa vizuri, While naielewa kiasi, ila hii lupu ya For, ya kurudia kazi kwa kuhesabu, ndio imenishinda, nikidhani nimeikamata inanigeuka.

Nataka kuprinti jedwali la kuzidisha, dogo tu, mistari mitano na kila mstari namba tano. Niliona kila kitu nikiweka sehemu moja panakuwa pamejaa, nikaitoa ile kazi ya kuprinti mstari nikaiweka kwenye Sub yake, yaani kipande cha programu chenye jina ambacho unakiita kikihitajika. Hii hapa:

```
For i = 1 To 5
  namba = i
  ChapaMstari()
EndFor

Sub ChapaMstari
  For i = 1 To 5
    TextWindow.Write(namba * i + " ")
  EndFor
  TextWindow.WriteLine("")
EndSub
```

Nilitegemea mistari mitano, napata huu mmoja tu:

```
1 2 3 4 5
```

Basi, imeisha. Hailalamiki, haileti kosa lolote, inamaliza kwa amani kabisa kama vile imefanya nilichoagiza. Nikasema labda namba ni nyingi, ndani ya Sub nikabadilisha ile 5 ikawa 3, weee, nikaona hivi:

```
1 2 3
5 10 15
5 10 15
5 10 15
```

na inaendelea hivyo hivyo mpaka nilipofunga dirisha mwenyewe. Yaani nimepunguza kazi ndio imegoma kuisha! Na hiyo mistari ya 2, 3 na 4 imerukwa kwa nini?

Nikarudisha 5, nikaweka TextWindow.WriteLine(i) mwisho kabisa baada ya EndFor ya kwanza ili nione i imefika wapi. Inaniambia 7. Saba! Hakuna mahali popote nimeandika saba, wala sita. Nani ameiweka?

Swali dogo la pembeni, nilijaribu pia kuhesabu kurudi nyuma, For i = 10 To 1, hiyo ndio haiprinti hata kitu kimoja. Natanguliza shukrani.

---

mkono_mwepesi

Mkuu hiyo rahisi, umetumia i mara mbili zinagongana. Kwenye Sub weka I herufi kubwa, umemaliza, twende kazi nyingine.

---

msomi_wa_usiku

Nimefanya hivyo mkuu, vilevile tu, mstari mmoja. Na 7 bado ipo.

---

bi_mistari

mkono_mwepesi umeona ugonjwa ila dawa umekosea. Small Basic haijali herufi kubwa wala ndogo, i na I kwake ni jina moja, hata ukiandika NAMBA na namba ni kitu hicho hicho. Kwa hiyo hapo hajabadilisha chochote.

Sasa msomi, tulia nikueleze maana swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, na ile 7 uliyoiprinti ndiyo ushahidi wote tunaouhitaji. Watu wengi wakikwama wanakuja na "haifanyi kazi" tu, wewe umekuja na namba.

Kwanza uache kuiona For kama mashine ya ajabu inayojua yenyewe kwamba izunguke mara tano. Haijui. Haina kumbukumbu ya "nimeshazunguka mara tatu zimebaki mbili". For ni kifupisho tu cha While, na umesema While unaielewa, basi ile lupu yako ya nje ukiikunjua inakuwa hivi:

```
i = 1
While i <= 5
  namba = i
  ChapaMstari()
  i = i + 1
EndWhile
```

Umeona? Kuna mambo matatu tu, i inapewa mwanzo, kila ikifika juu inaulizwa bado hujapita 5, na kila ikifika chini inaongezwa moja. Kati ya hapo i ni kigeu, yaani jina linalotunza thamani, cha kawaida kama kile chako cha namba, kama kingine chochote, yeyote anaweza kukishika na kukiandika upya, na lupu ikirudi juu inasoma tu kile ilichokikuta humo.

Jambo la pili, kwenye Small Basic vigeu vyote ni vya programu nzima. Ukiwa ndani ya Sub hakuna i ya Sub na i ya nje, ni boksi moja tu lina jina i na wote mnachota humo. Sasa chukua karatasi ufuate kwa kidole:

Nje inaanza, i ni 1, namba inakuwa 1, inaita ChapaMstari. Ndani ya Sub i inaanzishwa upya kuwa 1, inaprinti 1, inakuwa 2, inaprinti 2, hivyo hivyo mpaka imeprinti 5. Baada ya kuprinti 5 inaongezwa moja inakuwa 6, inaulizwa 6 bado haijapita 5? Imepita, lupu ya ndani inaisha. Angalia hapo, lupu inaisha i ikiwa 6 siyo 5, maana ni lazima i ivuke mpaka ndio lupu ijue imalize. Sasa tunarudi nje, lupu ya nje haijui chochote kilichotokea kule ndani, yenyewe inafanya kazi yake ya chini, inaongeza moja, 6 inakuwa 7. Inaulizwa 7 bado haijapita 5? Kwaheri. Mstari mmoja, na i ni 7. Hiyo ndiyo 7 yako, sita imeletwa na ndani na moja imeongezwa na nje.

Ile ya 3 sasa. Ndani inaisha i ikiwa 4. Nje inaongeza moja, 5. Tano haijapita 5, kwa hiyo inaingia tena, namba inakuwa 5, ndio ukaona 5 10 15. Ndani inaisha tena na 4, nje inaongeza inakuwa 5, inaingia tena... i haitafika 6 maisha yake yote kwa sababu kila ikikaribia kutoka ile Sub inaivuta nyuma. Na 2, 3, 4 hazikurukwa kwa makusudi, lupu ya nje haikuwahi kuziona.

Kama huniamini, ndani weka 1 To 2. Kabla hujairani uniambie kitatokea nini.

---

msomi_wa_usiku

Ngoja nifuate kwa karatasi kama ulivyosema... Mwanzo namba 1, itaprinti 1 2. Ndani inaisha na 3. Nje inaongeza, 4. Namba 4, itaprinti 4 8. Ndani inaisha na 3 tena, nje 4 tena. Kwa hiyo 1 2 mara moja halafu 4 8 milele?

Nimeirani. NI KWELI. 4 8 4 8 4 8 aisee. Sasa nimeelewa, yaani kompyuta ilikuwa sahihi muda wote, mimi ndio nilikuwa naitukana bure.

---

bi_mistari

Hapo umeiva. Dawa yenyewe ni fupi kuliko maelezo, kila lupu ipe kaunta yake (kigeu cha kuhesabia raundi) yenye jina lake, mafahali wawili hawakai zizi moja:

```
For mstari = 1 To 5
  ChapaMstari()
EndFor

Sub ChapaMstari
  For safu = 1 To 5
    TextWindow.Write(mstari * safu + " ")
  EndFor
  TextWindow.WriteLine("")
EndSub
```

Na kile kigeu namba hukihitaji tena, ulikiweka kwa sababu i ilikuwa inapotea mkononi mwako, nadhani hata wewe kuna kitu ulikihisi.

Ile ya kurudi nyuma jibu lipo kwenye kunjuo lilelile. For i = 10 To 1 maana yake i ianze 10, halafu swali la kwanza kabisa ni 10 ni ndogo au sawa na 1? Siyo. Lupu imeisha kabla haijaanza, ndio maana huoni kitu na wala siyo kosa. Ukitaka irudi nyuma iambie hatua ni hasi:

```
For i = 10 To 1 Step -1
  TextWindow.WriteLine(i)
EndFor
```

Step ikiwa hasi swali lenyewe linageuka, sasa inauliza i bado ni kubwa au sawa na 1. Na ikimaliza i itakuwa 0, kwa sababu ileile ya kuvuka mpaka.

---

nyoka_wa_kijani

Ndio maana mimi huwa nasema watu waanze na lugha ya Python tu, huko huu ujinga haupo. Ukiandika funksheni, i ya ndani ni ya ndani na ya nje ni ya nje, hazijuani. Hamia mapema ndugu.

---

bi_mistari

Hilo la funksheni ni kweli na ni zuri, sikatai. Tena Python inaenda mbali zaidi, hata ukiandika lupu mbili moja ndani ya nyingine zote kwa i bila funksheni yoyote, ile ya nje bado itazunguka mara zake zote, kwa sababu kule kaunta siyo i. range ndiyo inayotoa namba moja moja, i inapokea tu, ukiiharibu i katikati haidhuru kitu, raundi inayofuata inapokea namba mpya.

Lakini usimwambie mtu kwamba huko hakuna mitego. Akihamia leo ataandika range(1, 5) akitegemea tano, apate 1, 2, 3, 4. Mwisho wa range hauhesabiwi, To ya Small Basic mwisho wake unahesabiwa. Na akiprinti i baada ya lupu kule atakuta 4, yaani namba ya mwisho iliyotolewa, wakati huku For i = 1 To 4 ikiisha atakuta 5. Kila lugha na kasheshe yake, na mtu aliyeelewa kwa nini ile 7 ilitokea hatapata shida kokote aendako.

---

nyoka_wa_kijani

Hiyo range kweli ilinitesa mwezi mzima, sikatai 😅

---

babu_basic

Nimeupenda uzi huu, umenirudisha mbali. Wajukuu, hii For mnayoizungumzia ina umri mkubwa. BASIC yenyewe ilitengenezwa na John Kemeny na Thomas Kurtz pale Dartmouth College, Marekani, mwaka 1964, na lengo lilikuwa hasa wanafunzi wasio wa sayansi nao waweze kutumia kompyuta. FOR na NEXT zilikuwemo tangu zama hizo. Ila sisi chini ya lupu tulikuwa tunaandika NEXT I, yaani unataja kwa jina lupu ipi unaifunga. Kwa hiyo mtu akiwa na lupu mbili ndani kwa ndani analazimika kufikiria majina, NEXT J halafu NEXT I. EndFor ya sasa haitaji jina, ni nyepesi kuandika ila lile onyo dogo limepotea. Mimi binafsi bado naikumbuka NEXT yangu.

Na hiyo ya 10 To 1 msidhani kila mahali inakaa kimya. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, Commodore 64 kwa mfano, BASIC yake ilikuwa inauliza swali chini kwenye NEXT, siyo juu. Kwa hiyo FOR I=10 TO 1 mwili wa lupu unafanyika mara moja hata kama haukupaswa! Niliwahi kuwa na programu ya kuorodhesha majina, orodha ikiwa tupu inaprinti jina moja lisilokuwepo, nilikesha nalo. Ilibidi juu ya FOR niweke IF ya kuruka kama hakuna kitu.

Mnajua kwa nini kila mtu anatumia i? Watu wa hesabu walikuwa nayo zamani kwa kuhesabia vitu kwenye safu, halafu ikaja Fortran mwaka 1957, humo jina likianza na herufi kati ya I na N basi ni namba kamili moja kwa moja bila kutangaza. Kaunta ni namba kamili, herufi ya kwanza ni I, tabia ikakaa. Kwa hiyo msomi usijilaumu, umerithi tu.

---

msomi_wa_usiku

Shikamoo babu, asante sana, hii sikuwahi kuisikia.

Naomba niongeze moja halafu niwaache mpumzike. Nikitaka kutoka kwenye lupu kabla haijaisha nafanyaje? Mfano natafuta namba ya kwanza kati ya 1 na 100 inayogawanyika kwa 7 na kwa 9, nikiipata sitaki iendelee. Nimeona watu wanaandika break, Small Basic haiijui, inaniletea kosa.

---

babu_basic

Marahaba. Hilo nawaachia vijana.

---

mkono_mwepesi

Break hakuna huku. Ila kwa kuwa i ni kigeu cha kawaida (nimesoma somo la bi_mistari mpaka mwisho safari hii 😂) si unaiweka tu i = 100 ukishapata? Ikifika chini inakuwa 101, inatoka.

---

bi_mistari

Safari hii umepatia, ule ubovu uliomwangusha mwanzo ndio umegeuzwa ufunguo wa mlango. Tahadhari moja tu, ukishaandika i = 100 ile namba uliyoipata imepotea, kwa hiyo itunze kwanza (Math.Remainder inatoa baki la kugawanya, likiwa 0 namba imegawanyika):

```
For i = 1 To 100
  If Math.Remainder(i, 7) = 0 And Math.Remainder(i, 9) = 0 Then
    jibu = i
    i = 100
  EndIf
EndFor
TextWindow.WriteLine(jibu)
```

Itakupa 63. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi, nakwambia ukweli. Mtu akisoma For i = 1 To 100 anaamini ni raundi mia moja, halafu katikati unamgeuzia kibao. Kama hujui ni raundi ngapi utazunguka, hiyo siyo kazi ya For, ni kazi ya While:

```
i = 1
While Math.Remainder(i, 7) > 0 Or Math.Remainder(i, 9) > 0
  i = i + 1
EndWhile
TextWindow.WriteLine(i)
```

Hapa nimeondoa ule mpaka wa 100 kwa kuwa nina hakika jibu lipo. Kama huna hakika usiuondoe, maana utazunguka mpaka kesho kama zile 5 10 15 zako.

---

nyoka_wa_kijani

Nyongeza ndogo kabla uzi haujafungwa, Step ya desimali muwe nayo makini. Kwenye lugha zinazotunza desimali kwa mfumo wa jozi (0 na 1 tu), Python ikiwemo, 0.1 ukiijumlisha mara tatu haupati 0.3, unapata 0.30000000000000004. Sasa fikiria lupu inayotoka 0 mpaka 0.3 kwa hatua ya 0.1, ikifika ile ya mwisho inaonekana imeshavuka mpaka, inakatwa, unakosa raundi moja na huelewi kwa nini. range ya Python imekataa desimali kabisa, nadhani ilitupenda. Mimi nahesabu namba kamili 0 mpaka 3 halafu ndani ndio nagawanya kwa 10.

---

msomi_wa_usiku

Nimeweka mstari na safu, jedwali limetoka lote mistari mitano safi kabisa, nikapata tamaa nikaweka 12 kwa 12. Sasa namba za tarakimu mbili na tatu zinasukumana safu hazinyooki, ila hilo nitahangaika nalo mwenyewe kwanza kabla sijaja kuwasumbua tena. Na nimegundua nina programu nyingine ya wiki iliyopita ambayo niliiacha kwa sababu ilikuwa "inaganda", nimeifungua sasa hivi, Sub mbili, zote For i 🙈

---

mkono_mwepesi

Usisahau, I kubwa haisaidii.